Tanga, Mayo na Dublin Katika Jezi Moja: Siku Tano za Mpira wa Kigaeli, Maskati Hadi Dubai

Jumanne, Maskati

Mazoezi ni saa mbili usiku, jua likishazama na nyasi bandia zikishapoa. Nimefika mapema, nimepanga koni, nimejaza upepo mipira miwili iliyolegea. Kocha hatuna tangu Desemba. Aliyekuwapo mkataba wake uliisha, akarudi kwao. Ndivyo timu hii inavyoishi: walimu wanaondoka Juni, wauguzi na wahandisi wanaondoka mkataba ukiisha, na kila Septemba tunaanza tena na nusu ya sura ni ngeni.

Leo nimekabidhiwa binti wa Dublin, Ireland. Ana wiki sita Oman, anafundisha chekechea, na mpira wa Kigaeli, mchezo wa kwao Ireland unaochezwa kwa mikono na miguu, hajawahi kuucheza. Kwao alikuwa mtu wa hoki. Wiki ya kwanza, akiwa peke yake ndani ya fleti na mngurumo wa kiyoyozi, alimpigia mama yake akilia, na mama akamwambia jambo moja tu: kaitafute timu. Nahodha akanitazama, akasema, "Tanga, mfundishe solo."

Tanga ndiyo mimi. Kwenye timu hii jina lako la kwanza ni kwenu. Ireland ina kaunti 32, na Mwairishi ukimuuliza kwao ni wapi hakujibu Ireland, hukutajia kaunti yake, na mkizoeana atakutajia na parokia. Nahodha ni muuguzi na mimi ni mtu wa maabara, kazini kwetu ni jengo moja, na siku aliponileta hapa misimu mitatu iliyopita swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: kaunti gani? Nikajibu, Tanga. Wakaandika Tanga kwenye daftari, wakanipa jezi namba 11.

Solo ndiyo mlango wa mchezo huu. Ukiushika mpira huruhusiwi kwenda nao zaidi ya hatua nne. Kabla ya ya tano, ama uudundishe chini kama wa kikapu, ama uuangushe juu ya mguu na kuurudisha mkononi kwa ncha ya kiatu. Kudundisha mara mbili mfululizo ni kosa, kwa hiyo bila solo hufiki popote. Dublin alikuwa anaupiga. Mpira unaruka hadi kidevuni, anaukimbilia, anaupoteza. Nikamwambia aache kuupiga, auangushe tu. Vidole vya mguu vitazame uso wako, kifundo kikaze, mkono uushushe mpira karibu kabisa na kiatu, na goti lisipande. Ukigusa pale juu ya vidole, mpira unajizungusha wenyewe kuja tumboni kwako kama paka anayekuja kulala. Tulifanya tukiwa tumesimama, kisha tukitembea. Taa za uwanja zilipokaribia kuzimwa alikuwa amevuka nusu ya kiwanja mbiombio bila kuudondosha.

Amekulia jirani na Croke Park, uwanja wa watu 82,300, makao makuu ya michezo hii. Anasema alikuwa anaupita na basi kila siku akienda shule.

Alhamisi

Nimepanga begi la timu ukumbini kwa mama mdogo: jezi 12, mipira mitano, nyavu mbili, barafu ya kunyunyiza, plasta. Jezi zinaandikwa kwenye daftari lenye jalada jekundu, namba, kaunti, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Ni sheria kali. Hatuna mdhamini, na jezi ikienda na mtu uwanja wa ndege imepotea.

Mama mdogo amekaanga vitumbua sinia zima. Aliniuliza kama hao wenzangu wanakula vitumbua. Nikamwambia mara ya mwisho walivigombania.

Nahodha safari hii anakuja na masanduku yake mawili. Mkataba wake umekwisha baada ya miaka minne, na ndege yake ya kwenda Dublin inaondokea Dubai usiku wa Jumamosi. Kutoka uwanja wa mpira moja kwa moja uwanja wa ndege. Amepanga hivyo makusudi.

Ijumaa, njiani

Huku Oman mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Upande wa Falme za Kiarabu, ilipo Dubai, tangu 2022, ni Jumamosi na Jumapili. Siku inayotukutanisha ni moja, na ndiyo maana mashindano ya timu za Ghuba hubanwa yote ndani ya Jumamosi moja, mechi fupifupi kuanzia asubuhi hadi jioni, wachezaji 9 kila upande badala ya 15.

Tuliondoka baada ya sala ya Ijumaa. Basi dogo tulilokodi lina dereva mtu mzima, Mwomani, na nilipomsikia akizungumza kwenye simu nikamsogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unasema Kiswahili!"

Alizaliwa Bujumbura, wazazi wake wakarudi Oman miaka ya sabini, na Kiswahili chake bado kina ile lafudhi ya ziwani. Nikakaa kiti cha nyuma yake, na kilomita 450 zote nikawa mkalimani wa basi zima. Tulifuata pwani ya Batina: Sib, Barka, mitende, misikiti midogo myeupe, bahari upande wa kulia isiyoonekana lakini unaijua ipo. Mzee alitaka kujua huo mpira wenyewe ni mpira gani, na wanalipwa shilingi ngapi hata wasafiri hivi.

Hawalipwi. Hilo lilimshangaza kuliko yote, na mimi pia lilinichukua muda kuliamini. Si sisi wa Ghuba tu. Hata wale wanaojaza Croke Park siku ya fainali hawalipwi mshahara wa kucheza. Jumapili mtu anashangiliwa na watu zaidi ya elfu themanini, Jumatatu yuko darasani anafundisha hesabu. Na hanunuliwi wala hauzwi. Unaichezea parokia uliyozaliwa na kaunti ya kwenu, basi. Kwetu Dar es Salaam mchezaji akihama kutoka Yanga kwenda Simba mji mzima hausemi lingine. Kwao mtu wa Kerry kuvaa jezi ya Dublin ni jambo la nadra mno.

Ndiyo maana, nilimweleza mzee, hawa wakitoka nchi yao wanaacha kitu kikubwa kuliko mpira. Wanaacha jezi ambayo baba na shangazi waliivaa. Halafu wanafika huku, wanakuta jezi moja tu, na ndani yake wanaingia Kerry, Mayo, Dublin, Tyrone, watu ambao nyumbani wangekabana shati. Nahodha, ambaye kwao ni Mayo, alisikia nikiitaja akainama mbele kuuliza nimesema nini. Nilipomwambia, akaniomba nimweleze mzee kwamba wanaume wa Mayo hawajachukua kombe la Ireland tangu 1951, na kwamba bibi yake aliiona ile ya 1951 na amekuwa akiisubiri nyingine hadi alipofariki. Mzee akasema, "Mwambie pole." Nikamwambia.

Tulisimama Sohar. Kando ya barabara palikuwa na mtu wa mishkaki, moshi umetanda, na nilipomsikia mmoja wa Tyrone akiagiza "mishkaki" kwa matamshi safi kabisa nilifurahi kama vile nimesifiwa mimi. Wenyewe wanapenda chai nzito ya maziwa. Hapo hatukuhitaji mkalimani.

Baada ya chai wakaanza hadithi za timu za ugenini, na hapo ndipo mtu anaona jinsi jambo hili lilivyoota mizizi. Chama chao cha michezo kilianzishwa 1884 kwenye hoteli moja mjini Thurles, wakati Waairishi wengi walikuwa tayari wanakimbilia Marekani na Uingereza, na mpira ukawafuata kwenye meli. Mwaka 1947 fainali ya Ireland nzima ilichezwa New York, kwenye uwanja wa Polo Grounds, Cavan wakaifunga Kerry. Hadi leo London na New York wanaingia kwenye ubingwa wa jimbo la Connacht kana kwamba ni kaunti za huko. New York walianza kushiriki 1999 na kila mwaka walikuwa wanafungwa, hadi 2023 walipoitoa Leitrim kwa penalti uwanjani kwao Bronx. Wa Leitrim tunaye, alikuwa dirishani. Kaunti yake ndiyo yenye watu wachache kuliko zote Ireland. Alisema siku ile aliumia, kisha akaona video ya vijana wa Bronx wakilia na wazee wao, wengine ni wazee waliotoka Leitrim hiyohiyo, naye akalia nao.

Mpakani wenzangu walipita haraka, pasi ya Ireland inagongwa muhuri tu. Mimi na karatasi yangu ya viza ya wakaazi wa Ghuba tulikaa foleni nyingine, ndefu. Nilipogeuka nilimkuta nahodha amekaa kwenye benchi nyuma yangu na begi la mipira magotini. Sikumwambia asubiri. Kiza kilikuwa kimeingia tulipopita milima ya Hatta.

Jumamosi, Dubai

Saa moja asubuhi tulikuwa The Sevens, kwenye barabara ya kwenda Al Ain. Viwanja vya raga vimepangana, kila kimoja kimegawanywa kwa chokaa. Milingoti ya raga ina umbo la H kama ya Kigaeli, kwa hiyo unafunga nyavu chini ya mwamba na kazi imeisha, ila mwamba wa raga uko mita 3 na wa Kigaeli mita 2.5. Golikipa wetu ana nusu mita zaidi ya kulinda. Alipima kwa mikono, akaruka mara mbili, akanyamaza.

Timu kutoka Abu Dhabi, Doha, Bahrain, na za hapa Dubai zenyewe, ambazo kongwe kati yake ipo tangu 1995. Wanawake na wanaume, na pembeni kule watoto wadogo kabisa waliozaliwa hukuhuku wakiburuta magongo ya mchezo mwingine wa kwao, ule wa gongo la mti na kijipira kigumu. Nilivaa suruali ndefu nyeusi ya mazoezi chini ya bukta na hijabu yangu ya michezo. Refa alinikagua pini, nikamwonyesha sina, akasema sawa.

Mzee hakwenda kulala kwenye basi kama alivyosema. Alisimama kwenye kamba na kofia yake ya Kiomani, akaniita kila mapumziko. Bendera nyeupe ni nini, ya kijani ni nini? Nyeupe ni pointi, mpira umepita juu ya mwamba katikati ya milingoti. Kijani ni goli, umeingia wavuni, na goli moja ni sawa na pointi tatu. Ukiona 1-5, ni goli moja na pointi tano, jumla 8. Mechi ya pili alikuwa anapiga hesabu kwa sauti kabla ya mwamuzi kuinua bendera.

Ya kwanza tulifungwa vibaya, na sina la kuongeza. Ya pili, dhidi ya Bahrain, ndiyo nitakayoikumbuka kwa ajili ya Dublin. Aliingia akiwa wa akiba dakika tatu za mwisho. Mpira ulimkuta pembeni, akauokota chini kwa mikono (wanawake wanaruhusiwa kuuokota moja kwa moja, wanaume lazima wauinue kwa mguu kwanza), hatua nne, akaangusha. Solo. Nikaona vidole vya mguu vimetazama juu, goti limetulia. Hatua nne tena, solo, beki mmoja kabaki nyuma. Akapiga kwa mguu wa kulia, mpira ukapanda ukiyumba, ukagusa mlingoti kwa ndani na kupita. Mwamuzi mwenye koti jeupe akanyanyua bendera nyeupe. Dublin alisimama pale pale mikono mdomoni, na mchezo ukaendelea bila yeye hadi nahodha alipomfokea arudi kulinda. "Maith thú!" akamwambia baadaye. Ni Kigaeli, maana yake umefanya vyema. Naijua kwa sababu niliwahi kuambiwa.

Mechi ya tatu sare. Kati ya mechi na mechi kila timu inatoa waamuzi wa magoli kwa ajili ya wengine, nami nikapewa bendera mbili na koti linaloburuta, nikasimama saa nzima kwenye jua nikitazama milingoti. Kazi hii naipenda. Mtu anapiga kutoka mbali, mpira uko juu kabisa, na kwa nukta moja hakuna anayejua ila wewe uliye chini ya mlingoti.

Nusu fainali ya kombe la pili tukakutana na timu ya Abu Dhabi. Nahodha alicheza namba 6, katikati ya ulinzi, kama anavyocheza siku zote, anazungumza tu, "kushoto, nyuma yako, mwache, mkabe." Zikibaki dakika mbili ilikuwa 1-5 kwa 1-5. Mpira ukadondoka kwangu, karibu na goli letu. Wawili wakanijia. Nikamwona Dublin yuko wazi kulia.

Inabidi nieleze mikono yangu. Nimecheza netiboli tangu darasa la nne, Tanga, kwenye kiwanja cha mchanga, nikafika hadi mashindano ya shule za sekondari ya mkoa. Mikono yangu inadaka chochote, na ndiyo iliyonipa namba kwenye timu hii. Lakini netiboli unarusha. Huku kurusha ni kosa. Lazima uuweke mpira kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi au kiganja cha pili, na refa auone mkono ukipiga. Misimu mitatu nimejifunza hivyo. Na dakika ile, wawili wakinijia, mikono ikarudi Tanga. Nikausukuma mpira kutoka kifuani kwa mikono miwili, pasi nzuri, iliyonyooka, ikamfikia Dublin mikononi, na kipenga kikalia.

Adhabu mbele ya goli letu, mita kama 25. Mpigaji wao hakukosea. 1-6 kwa 1-5, na mechi ikaisha kabla hatujavuka katikati.

Nilibaki nimesimama pale nilipofanya kosa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya nahodha na nilikuwa nimeimaliza mimi. Akaja na mpira kwapani. Hakunikumbatia wala hakusema si kitu. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akaufungua, akaweka mpira juu ya kiganja. Akachukua wa kulia, akaukunja ngumi. "Tena," akasema, akarudi nyuma hatua kumi. Nikaupiga. Akaurudisha. "Tena." Wenzetu wa Abu Dhabi walikuwa bado wanashangilia nyuma yetu, na sisi tukapigiana ngumi mpira ule mara kumi, labda kumi na tano, mpaka nikaacha kuangalia mikono.

Saa mbili usiku tulimshusha uwanja wa ndege. Mzee mwenyewe alibeba masanduku hadi mlangoni, akamwambia kwa Kiarabu Mungu akufikishe salama, kisha akaniambia nimtafsirie na salamu kwa watu wa Mayo. Nahodha alitukumbatia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akanipa ufunguo wa stoo ya uwanjani na daftari jekundu.

"Jumanne saa ngapi, Tanga?" akauliza, kama anavyouliza kila mwisho wa safari.

"Saa mbili," nikajibu. "Mimi nitakuwapo saa moja na nusu."

Koti lake lilikuwa halijafungwa zipu, na ndani niliona rangi ya jezi yetu. Alikuwa hajaivua.

Jumapili

Tumefika Maskati saa tisa usiku, saa moja asubuhi niko kazini, miguu inauma. Kule kwa wauguzi, nafasi ya nahodha amekaa mtu mwingine.

Jioni nimefua jezi na kuzianika darini kwa mama mdogo. Alipanda kuniletea chai, akazihesabu kwenye kamba kwa kidole, kama anavyohesabu nguo za wajukuu.

"Kumi na moja. Si mlikwenda na kumi na mbili?"

Nikamwambia iko kwa mwenyewe. Dublin amenitumia ujumbe mara mbili tangu asubuhi: kama Jumanne anaweza kuja mapema, na kama mtu mwingine wa shuleni kwake, wa Afrika Kusini, anaruhusiwa kuja kujaribu. Nimemjibu ndiyo kwa yote mawili.

Kisha nikafungua daftari. Kurasa zote ni za mwandiko wa nahodha, namba, kaunti, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, hakuna mstari uliobaki wazi. Nikatafuta namba 6. Kwenye tarehe ya kurudisha nikaandika kwa mwandiko wangu: Mayo.